Bukavu hadi Nyabibwe: nikimfuata aliyeandika sheria

Jumapili, 1 Januari 2017, Bukavu

Bonane, heri ya mwaka mpya! Tangu asubuhi mtaa wetu wa Kadutu wote unaitana kwa neno hilo, mlango kwa mlango, na kwa jirani kunanukia nyama ya kukaanga. Mimi nimekaa mezani na karatasi nilizozitoa kwenye intaneti wiki iliyopita. Kesho naelekea Nyabibwe, mji mdogo wa machimbo. Aliyenituma ni mwanafunzi.

Ninafundisha elimu ya uraia. Kabla ya likizo somo lilikuwa kazi ya mbunge, nikaandika ubaoni kama kitabu kinavyosema: anatunga sheria, anasimamia serikali, anawasemea waliomchagua. Binti mmoja wa benchi ya nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, tupe mfano. Mbunge mmoja na sheria moja iliyofika nyumbani kwa mtu."

Nilitafuta kichwani nikaona haya. Sheria pekee ambayo darasa zima lilikuwa limeisikia kwao, mezani, ni ile ya madini ya Kongo, tunayoiita sheria ya Obama. Nayo hakuitunga Obama. Yeye aliitia sahihi tarehe 21 Julai 2010, ikiwa ndani ya sheria kubwa ya mabenki ya Marekani, karibu na mwisho kabisa, kifungu cha 1502. Katika Seneti wazo hilo lililetwa mwaka 2009 na akina Sam Brownback, Russ Feingold na Dick Durbin. Katika Baraza la Wawakilishi aliyeliweka mezani, Novemba mwaka huohuo, ni daktari wa magonjwa ya akili kutoka Seattle, Jim McDermott. Mwaka jana alitangaza kwamba anastaafu. Keshokutwa Jumanne muda wake unakwisha, baada ya miaka 28.

Kuna jambo moja kwenye karatasi hizi lililonifanya nifunge mkoba. Mwaka 1987 mtu huyu aliacha kiti chake cha useneta wa jimbo la Washington, akaja Zaire kuwa daktari wa ubalozi wa nchi yake huko Kinshasa. Mwaka uliofuata alirudi kwao akagombea, akashinda. Nilikuwa nikidhani Kongo aliijua kwa ramani tu.

Jumatatu, 2 Januari, njiani hadi Kalehe

Gari ilijaa saa mbili, ikaondoka saa nne. Mpaka Kavumu, kwenye uwanja wa ndege, ni lami, unasinzia. Baada ya hapo barabara ya taifa namba 2 ni matope msimu huu, na dereva anaongea na usukani kama anavyoongea na ng'ombe mkaidi.

Tulipita Katana. Mbele kidogo kitu kikalia chini ya viti kama mti unaovunjika. Resori, springi ya gari. Wote chini. Dereva akavua shati, akaingia chini ya gari, na sisi tukajipanga chini ya migomba tukiangalia ziwa na kisiwa cha Idjwi ng'ambo. Saa tatu nzima. Nazishukuru saa hizo, maana bila hizo nisingezungumza na mzee, papa kama tunavyowaita wazee huku, aliyeketi karibu nami, mwenye kofia ya sufu na fimbo.

Alikuwa negosia zamani, mnunuzi wa kati wa mchanga. Mchanga ndilo jina letu la kasiterite, madini yanayotoa bati. Nilipomwonyesha karatasi zangu alivaa miwani, akasoma jina, akanirudishia.

"Sheria hiyo mimi naijua kwa jina la nyumba niliyouza."

Nilimwambia: papa, sheria yenyewe haisemi watu wasinunue Kongo. Inasema kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani zitafute, kisha zitangaze, kama bati, tantali, tangsteni au dhahabu iliyo ndani ya bidhaa zao imetoka Kongo au kwa majirani wake, na zimefanya nini kujua kama imewalisha wenye bunduki. Ni kueleza tu.

Akaniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wangu. "Mwalimu, wewe ni tajiri. Sehemu moja unaambiwa ueleze kila gunia limetoka wapi. Sehemu nyingine unanunua bila swali. Utaenda wapi?"

Na miezi inampa haki. Obama alitia sahihi Julai 2010. Septemba rais wetu alisimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Kivu mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Ulipofunguliwa, viwanda vikubwa vya kuyeyusha, kuanzia Aprili, havikutaka tena madini ya kwetu yasiyo na alama. Na tume ya soko la hisa ya Marekani, iliyopewa kazi ya kuandika kanuni za sheria hii, ilizimaliza Agosti 2012. Kwa hiyo wanunuzi waliikimbia kanuni ambayo ilikuwa haijaandikwa. Papa alikuwa haijui tarehe hiyo ya Agosti. Alinyamaza kidogo, akaniomba niirudie, akaiandika kwa kalamu nyuma ya tiketi.

Dereva alikuwa bado chini ya gari, basi tukasoma mengine ya huyo daktari. Kura ya kwanza 1988, ya mwisho 2014, kila miaka miwili anarudi kuomba upya: mara 14. Aliyoyashughulikia yana harufu ya hospitali. Mwaka 1990 alikuwa mstari wa mbele kupata fedha za nyumba kwa wagonjwa wa ukimwi, wakati wengi waliogopa hata kuwasalimu. Baadaye akaanzisha kundi la wabunge la kufuatilia ukimwi duniani. Alidai kwa miaka kila Mmarekani apate matibabu yanayolipiwa na serikali, akashindwa, akarudia. Alikuwa mmoja wa walioisukuma AGOA ya mwaka 2000, inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Nchi yetu iliwekwa ndani, ikatolewa mwanzo wa 2011. Mwaka 2002 alipiga kura kupinga vita vya Irak.

Na aibu yake imo pia. Aliwapa waandishi wa habari kanda ya mazungumzo ya simu ya viongozi wa chama pinzani, iliyonaswa kinyume cha sheria. Alishtakiwa na mbunge mwenzake, kesi ikaenda miaka, akashindwa, na malipo yote yakapita dola milioni 1. Nilisita kama nitawasomea wanafunzi hilo. Papa akasema lisome. "Mtu ambaye ubaya wake haujaandikwa, hata wema wake huwezi kuushika."

Kisha akahesabu vidole, na sauti ikashuka. Wabunge wetu wa mkoa tuliwachagua 2006. Leo ni 2017 na ni walewale, kwa kura ileile moja. Maseneta walichaguliwa na hao Januari 2007, na bado wamo. Wa taifa ni wa Novemba 2011, muda wao umekwisha, na makubaliano ya maaskofu ya juzi usiku, 31 Desemba, ndiyo yanatuahidi uchaguzi mwaka huu. Wenzetu kule walimpima mtu mara 14. Sisi hapa tumenyimwa mizani.

Resori ikafungwa kwa kamba na kipande cha mti. Kalehe tulifika giza limeingia. Nimekula ugali na sambaza, nalala.

Jumanne, 3 Januari, Nyabibwe

Pikipiki, mvua, pikipiki tena. Motari wangu alinipa mfuko wa plastiki nikafunika mkoba, yeye akalowa bila kulalamika. Barabara inapanda, unaliona ziwa lote kama sahani, inashuka tena hadi kwenye mitumbwi.

Nyabibwe ni mji mdogo uliokaa miguuni pa mlima, na mlima huo ni Kalimbi. Ukiuangalia kutoka sokoni unaona majeraha mekundu na watu wadogo wanaotembea ndani yake. Kutoka Bukavu ni kama kilomita 100, na nimezifanya kwa siku mbili.

Nililala kwa dada wa mwalimu mwenzangu, aliyenipokea kwa chai na taulo. Jioni mvua ilikatika. Saa moja ya usiku hapa ni saa sita ya mchana Washington, na saa hiyo ndiyo Bunge jipya lao, la 115, lilikuwa linaanza. Kiti cha Seattle kinakaliwa sasa na Pramila Jayapal, mama aliyezaliwa India. Nilitoka nje nikasimama barazani. Ziwani wavuvi walikuwa wamewasha taa, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wimbo wao wa kupiga makasia ulikuwa unafika hadi juu. Mwenye nyumba akaniuliza naangalia nini. Nikamwambia kuna mzee mmoja amestaafu saa hii, mbali sana.

"Wa kwenu?"

Nilichelewa kumjibu. "Kidogo," nikasema.

Jumatano, 4 Januari, Kalimbi

Leo ni sikukuu ya Mashahidi wa Uhuru, wa Léopoldville 1959. Ofisi zimefungwa. Mlima haujafunga. Nimepanda na kijana anayefanya kazi kwenye shimo la PDG mmoja. PDG hapa ni mwenye shimo, aliyelipa mbao, taa na chakula cha wachimbaji kabla hawajaona hata kilo moja. Akikosa, amekosa na watu wake wote.

Mdomo wa shimo ni mraba wa mbao, unamtosha mtu akiinama. Hewa inayotoka ndani ni ya joto na ina harufu ya udongo na jasho. Kila baada ya muda anatoka mtu amejaa matope hadi kwenye kope, mfuko begani, anautupa, anakaa, hasemi kitu mpaka pumzi imrudie. Nimewaona wanne wakitoka hivyo. Wa nne alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa mwaka wa sita, au nilijiambia hivyo.

Chini, kwenye maji, mchanga unaoshwa. Udongo mwepesi unakimbia, mweusi unabaki. Kijana akachota kikombe cha chai, akaniwekea mkononi. Mkono ukashuka wenyewe. Uzito huo ndio unaosafiri hadi kwenye viwanda vya Asia, ukawa bati, na bati hilo ndilo linaloshikanisha vipande vidogo ndani ya simu niliyokuwa nayo mfukoni.

Kisha nikaona kile nilichokuja kukiona. Gunia limefungwa mdomo, na wakala wa serikali, kijana mwenye daftari kubwa lililovimba kwa unyevu, anapitisha kwenye fundo utepe wa plastiki wenye namba na mistari ya kusomwa na mashine. Anauvuta. Unalia *trrrk*. Ukishafungwa haufunguki bila kukatwa. Anaandika namba, kilo, tarehe, shimo. Wao wanauita tegi. Nimeugusa. Ni kitu cha bei ndogo, kama kile wanachofungia mizigo ya ndege. Watu walinieleza historia ya mlima huu kana kwamba ina nyakati mbili, kabla ya tegi na baada ya tegi.

Hapa palijaribiwa mapema, katikati ya 2010, kisha rais akafunga migodi na jaribio likafa. Vuli ya 2012, kwa mpango ulioongozwa na Waholanzi, tegi zikarudi Kalimbi, na wanunuzi nyuma yake. Katikati ya hapo ni miaka miwili. Mchanga uliotoka ulitoka usiku, kwa bei ya kuokota, ukavuka mpaka. Wengine walirudi kulima wakakuta shamba lina mwenyewe. Wengine waliondoka kufuata dhahabu, ambayo inaingia mfukoni na haiombi tegi.

Mchana niliketi na akina mama wanaobeba na kuuza chakula chini ya mlima. Mmoja, mjane, kitambaa cha njano kichwani, alinisikiliza nikieleza kuhusu daktari wa Seattle mpaka nikamaliza. Hakunikatiza hata mara moja. Kisha akauliza moja moja, polepole, kama anayehesabu pesa.

"Kabla hajaandika, alituuliza?"

Nilimwambia: alikuwa amesikia kuhusu akina mama waliobakwa na vijiji vilivyochomwa, na kwamba madini yanalipia bunduki. Hilo ndilo lililomsukuma, na ni kweli tupu. Pale hospitali ya Panzi, Bukavu, inayowatibu, wanajua.

"Ni kweli," akasema. "Zamani hapa kulikuwa na siku ya wenye silaha. Siku yao unachimba, wanabeba. Leo sijaona bunduki mlimani, na wewe hujaona. Hilo aambiwe, tena aambiwe kwa heshima. Lakini sikuuliza kama alisikia kuhusu sisi. Nimeuliza kama alituuliza."

Sikuwa na jibu. Mwaka 2014 watu 70, wasomi na wa mashirika, Wakongomani na wageni, walitia sahihi barua ya wazi wakisema jambo hilohilo: kwamba waliotunga hawakuwasikiliza vya kutosha wanaochimba, na kwamba mtu akifungiwa mlango wa kazi, mwenye bunduki anampokea. Mwenyewe McDermott aliendelea kuitetea sheria yake hadi mwisho. Mimi, baada ya siku ya leo, naona aliiona mbali na vizuri, ila aliiachia njiani kwa miaka miwili bila daraja, na waliozama ni watu wa mlima huu. Naona pia kwamba ningechukia kuiona ikifutwa sasa, kama baadhi ya wabunge wenzake wa zamani wanavyotaka tangu mwaka jana. Tegi ikikatwa, gunia halina tena mahali lilipotoka, na nani atafaidi hapo kila mtu hapa anamjua.

"Ana anwani?" mama akauliza.

"Ofisi amekwisha kuiacha, jana. Lakini mji wake naujua. Tutaipata."

"Mimi sikumpigia kura."

"Wala mimi."

"Lakini sheria yake ilinipata mpaka jikoni. Basi ana deni la kunisikiliza. Andika, mwalimu."

Nimeandika, amenisomesha kila mstari mara mbili. Nainakili hapa kwa ruhusa yake:

*"Daktari, mimi ni mama wa watoto watano, ninabeba mchanga Kalimbi. Wenye bunduki wameondoka kwenye mlima wetu. Kwa hilo Mungu akulinde. Miaka miwili hatukuuza, na wawili wa watoto wangu hawakurudi shule. Hilo pia ni la kwako. Tegi ni nzuri, lakini gharama yake inashuka, inashuka, mpaka inamfikia anayebeba. Kama kuna wenzako bado wako kwenye kiti, waambie kabla ya kuandika watume mtu. Asije na gari asubuhi akaondoka mchana. Alale siku tatu. Nitampikia."*

Alipotia alama ya kidole (nilitumia wino wa kalamu yangu iliyovunjika), akasema: "Sasa ya pili."

"Ya nani, mama?"

"Ya mbunge wetu. Maneno yaleyale. Lakini pale unaposema asante, andika: wewe ulikuwa wapi?"

Alhamisi, 5 Januari, kurudi

Asubuhi depo ya negosia. Magunia yanapimwa upya, yanachanganywa, yanapata tegi ya pili, yanaandikwa kwenye daftari la pili, ndipo yaanze safari ya Bukavu. Hakuna cha zaidi cha kusema, isipokuwa kwamba mizani ilikuwa inabishaniwa na watu wanne kwa wakati mmoja na wote walikuwa wanaujua uzito kwa mkono.

Nimerudi juu ya lori la muhogo. Mvua haikunyesha.

Ijumaa, 6 Januari, Bukavu

Nimelala saa nne tu, nikaoga, nikaenda kwenye ofisi moja ya umma hapa mjini. Nilitaka kitu kilekile nilichokipata kuhusu daktari wa Seattle bila kutoka kwenye kiti changu: karatasi inayoonyesha mwakilishi wetu amependekeza sheria gani, amepiga kura vipi, amesema nini kuhusu migodi tangu tumchague. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu. Aliniuliza ninatoka chama gani. Nikasema sina. Akaniuliza nani amenituma. Nikasema mwanafunzi wa mwaka wa tano. Akacheka kwa upole, akaona sicheki, akaacha. Alinishauri nirudi Jumatatu, labda mkubwa wake atakuwepo.

Nimekaa mezani jioni hii na bahasha mbili. Umeme umekwenda, ninatumia taa ya simu. Barua zote mbili nimezinakili upya kwa mwandiko wa ubaoni, ule mkubwa, na alama ya kidole imebaki kwenye zile za kwanza, kwa hiyo nimezikunja ndani pamoja. Kwenye bahasha ya kwanza nimeandika jina, halafu Seattle. Itaenda na padri anayesafiri mwezi huu.

Ya pili nitaipeleka mwenyewe Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza. Binti wa benchi ya nyuma anajua ofisi ilipo. Kwao ni mlango wa tatu kutoka pale. Nitamwomba anisindikize, ashike bahasha yeye.